Msitutoe barabarani: barua ya wazi kuhusu baiskeli za Mtwara

Kwa waheshimiwa viongozi na wahandisi wenye dhamana ya barabara na mipango ya mji wetu,
Mtwara.

YAH: USALAMA WA WANAOPITA KWA BAISKELI KATIKA KATA ZA MTWARA NA MIKINDANI

Waheshimiwa,

Salaam. Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia na historia, mama wa watoto wanne, mkazi wa Chikongola. Nawaandikia mbele ya watu kwa sababu njia ya faragha nimeimaliza. Barua ya kwanza niliileta kwa mkono, ikapokelewa na kugongwa muhuri. Ya pili niliambatanisha picha. Ya tatu waliitia saini wazazi. Katikati ya barua hizo nimekaa sana kwenye mabenchi ya kusubiria. Ofisi moja iliniambia barabara ya kwenda Mikindani si yao, niende kwa wenzao. Wenzao wakanirudisha nilikotoka. Hakuna aliyenivunjia heshima, na kila karani aliyenipa kiti namshukuru. Ila jibu sijapata, na wiki mbili zilizopita mtoto mwingine ameanguka palepale alipoangukia wa kwanza.

Kabla ya hoja zangu, naomba mnivumilie nieleze tunachokifanya, maana nahisi mkisoma neno baiskeli mnaona mzigo wa mkaa tu unaozuia magari.

Tangu nistaafu, kila Jumamosi naondoka na watoto wa darasa la tano hadi kidato cha pili. Wakati mwingine wanafika kumi na tano, wakati mwingine sita. Wenye baiskeli zao wachache, wengine wanaazima kwa wajomba na makaka. Kuna kijana anakuja na Phoenix ya marehemu babu yake, imemzidi urefu, anaiendesha amepitisha mguu chini ya bomba. Tunakutana karibu na Soko Kuu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tunakagua breki, tunajaza upepo, tunaingia kata moja au mbili. Tukirudi, kila mtoto anaongeza alichokiona kwenye karatasi kubwa ya manila niliyoibandika sebuleni kwangu. Hiyo ndiyo ramani yetu ya mji. Mtaa unaingia kwenye ramani pale tu miguu yetu imeufikia.

Siku tukianza na Feri, wanakuta mitumbwi inashusha changu na pweza, na abiria wa Msangamkuu wanasubiri kuvuka, wengine wameshikilia baiskeli wakiomba zipate nafasi. Kutoka hapo tunaingia Shangani, na ghafla ni kama tumehamia mji mwingine: nyumba zina nafasi, miti imetanda, na miezi ya kusi upepo wa bahari unakusukuma kifuani mpaka usimame juu ya pedeli. Hapo ndipo ninapowasimamisha na kuwauliza kwa nini mji wetu umetawanyika hivi. Nawaeleza mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kuvunjika 1951. Jinsi bandari yetu ilivyojengwa kwa ajili ya karanga hizo, na reli ikatandazwa kwenda Nachingwea, ikaja kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kisha nawapeleka kata ya Reli. Wanaitafuta reli hawaioni. Mtoto aliyeitafuta reli kwa macho yake hatasahau habari ya karanga maisha yake yote. Nimefundisha somo hilohilo ubaoni kwa miaka mingi na najua tofauti.

Jumamosi nyingine ni vichochoro vya mchanga vya Magomeni, ambako tunashuka na kukokota. Akina mama wanachemsha ming'oko, mizizi ya porini inayoliwa kama viazi, watoto wananunua, tunakula tukiwa tumesimama. Huko tuna rafiki yetu, mzee wa Kimakonde aliyevuka Ruvuma akiwa kijana wakati vita vya ukombozi vya Msumbiji vimeanza, 1964 au muda mfupi baadaye. Anawahesabia watoto kwa Kireno mpaka kumi, nao wanarudia. Wapo pale watoto wa Kimakua, wa Kiyao, wa Kimwera, wa wafanyakazi waliohamia kutoka Kilimanjaro na Mwanza kwa ajili ya bandari na gesi. Wote wanajifunza kuwa jirani yao wa mtaa wa tatu ametoka mbali kuliko walivyodhani. Upande wa Naliendele tumeona wataalamu wa utafiti wakipandikiza miche ya mikorosho, na tumesimama kimya kwenye makaburi ya askari wetu waliokufa Msumbiji.

Kwa bajaji haya yote yanapita pembeni. Kwa bodaboda unasikia injini tu. Kwa miguu huimalizi hata kata moja kabla jua halijawa kali. Baiskeli inakupa nafasi ya kusema shikamoo na kusikia marahaba kabla hujampita mzee. Ndiyo maana nimeichagua.

Na kwenye karatasi ile ya manila kuna pengo. Mikindani haipo. Sababu yake ndiyo hoja yangu ya kwanza, na kama mna muda wa kusoma moja tu, naomba iwe hii.

1. UKINGO WA LAMI

Kutoka mjini hadi Mikindani ni kilomita kama kumi. Kwa mtoto mwenye afya ni chini ya saa moja. Barabara ni moja, na ndiyo hiyohiyo inayobeba mabasi ya Lindi na Dar es Salaam. Sehemu kadhaa za barabara hiyo zimewekwa lami mpya juu ya ile ya zamani, na bega la barabara halikuinuliwa. Mvua ikaja, ikachukua mchanga. Leo kati ya lami na ardhi ya pembeni kuna ngazi, pengine ya vidole vinne, pengine shubiri nzima. Aliye ndani ya gari haioni. Mwenye baiskeli anaishi juu ya ukingo huo, kwa sababu huko ndiko anakosukumwa.

Nieleze inavyoua, kwa kuwa kila ninapoieleza ofisini naona macho yanahamia kwenye simu. Lori linakuja nyuma na kupiga honi. Unasogea kushoto. Gurudumu la mbele linadondoka chini ya lami. Hapo bado hujaanguka. Unaanguka unapotaka kurudi. Gurudumu linaloenda sambamba na ukingo halipandi. Likiugusa kwa pembe ndogo linasuguana nao, usukani unajikunja, mwili unaendelea mbele. Na kwa kuwa ulikuwa unarudi kulia, unaangukia kulia, ndani ya barabara, mbele ya kile kinachofuata nyuma ya lori.

Mwaka jana msichana wa darasa la sita aliangukia hivyo. Alikuwa mtoto makini kuliko wote niliowahi kutembea nao, yeye ndiye aliyekuwa akiwakumbusha wenzake kufunga kamba za viatu zisiingie kwenye mnyororo. Alipopigiwa honi alifanya kile nilichomfundisha mimi mwenyewe: alisogea. Alivunjika mfupa wa mkono juu ya kiwiko. Kilichomwokoa ni kwamba nyuma ya lori lile hapakuwa na gari jingine. Nilikaa naye chini barabarani nimemshika, namwambia asiangalie mkono wake, huku wenzake wakipunga matawi kuzuia magari. Jioni nilikwenda kwao. Mama yake alinikaribisha chai. Akaniambia, "Mwalimu, wewe sikulaumu hata kidogo. Ila Jumamosi haji tena."

Yeye ndiye aliyekuwa ameshika penseli ya Mikindani. Alikuwa ameshaanza kuchora mstari wa ghuba.

Tangu siku ile sijawapeleka watoto Mikindani kwa baiskeli. Nimejaribu daladala mara mbili. Nauli za watoto kumi na wawili si jambo dogo kwangu, na wanashushwa stendi, wanaonyeshwa, wanapandishwa. Kuteremka kuelekea maji kwa nguvu zao wenyewe, ghuba ikifunguka mbele yao na harufu ya mikoko ikiwapokea, hawajakujua tena. Na Mikindani ndiko mji wetu ulikozaliwa. Ndiko kwenye nyumba za mawe zenye milango ya nakshi na maduka ya kale ya wafanyabiashara wa Kihindi. Ndiko iliko boma ya Wajerumani iliyojengwa 1895. Ndiko alikoshukia David Livingstone mwezi wa Machi 1866, na ngamia, nyati na punda wake, akaanza safari ambayo hakurudi tena. Watalii wanapanda ndege kutoka mbali kuja kuyaona hayo. Mtoto wa Chikongola, aliye umbali wa kilomita kumi, hana njia salama ya kufika.

Aliyeanguka wiki mbili zilizopita hakuwa wa kundi langu. Ni mvulana aliyekuwa anapeleka samaki. Ameumia goti na uso. Nimewaletea habari yake kwa sababu ni eneo lilelile nililolizungushia wino mwekundu kwenye picha za barua yangu ya pili.

Dawa yake inajulikana. Kifusi na changarawe vimwagwe pembeni, vishindiliwe hadi usawa wa lami, na kazi hiyo irudiwe kila baada ya mvua. Na pale mnapoweka lami mpya, ukingo wake ulazwe uwe mteremko. Marekani wana utaratibu wa kuulaza kwa nyuzi 30 lami ikiwa bado ya moto, gurudumu likidondoka liweze kupanda tena. Ni umbo tu la lami ileile mnayoimwaga.

2. MIFUNIKO YA MITARO

Mjini kuna mitaro iliyofunikwa kwa vyuma vya nondo ambavyo nafasi zake zimeelekezwa njia moja na mwendo wa magurudumu. Tairi la gari linapita juu. Tairi la baiskeli linazama mpaka kwenye rimu. Vyuma hivyo vigeuzwe robo mzunguko, nafasi zikate njia badala ya kuifuata. Kwa mifuniko mingine ni kazi ya watu wawili na nusu saa. Ile iliyojengewa na saruji itahitaji fundi, nakubali.

Pia kuna mitaro isiyo na mfuniko kabisa. Msimu wa mvua, Desemba hadi Aprili, maji yakifurika hujui barabara imeishia wapi. Hilo nyote mnalijua kwa sababu hata magari yenu yamewahi kuingia humo.

3. MALORI NA MWENDO

Nataka nieleweke vizuri hapa. Sipingi malori. Korosho ndiyo iliyonisomesha. Baba yangu alikuwa na mikorosho, na kila Oktoba tulijua kama mwaka ujao tutavaa viatu au la. Korosho ikipita bandarini kwetu nafurahi. Saruji na makaa ya mawe nayo ni ajira za wanangu. Lakini malori yameongezeka sana kuliko barabara zilivyopanuka, na yanapita mbele ya shule kwa mwendo uleule yanaotumia porini.

Sheria inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa kwenye makazi. Mawaziri wa nchi nyingi walipokutana Stockholm Februari 2020 kuzungumzia usalama barabarani, tamko lao lilitaka kilomita 30 pale ambapo watu na magari wanachanganyika. Kwa lugha ya darasani: nguvu ya kugonga inakua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo gari la kilomita 50 linagonga kwa nguvu karibu mara tatu ya lile la kilomita 30. Mwili wa mtoto hauna la kupunguza hapo.

Nimeambiwa kuna matuta. Matuta ya rasta mliyoweka, yale madogo yaliyopangwa mfululizo, yametandazwa ukingo hadi ukingo. Mwenye baiskeli hupigwa viganja mpaka ganzi, ndipo huyakwepa kwa kutoka nje ya lami, na nje ya lami kuna ile ngazi niliyoieleza. Mkiacha mwanya wa upana wa hatua moja kushoto, mtakuwa mmetatua.

4. MAHALI PA KUEGESHA

Sokoni hakuna, hospitalini hakuna, kwenye ofisi za umma hakuna. Watu wanafunga baiskeli kwenye mti au nguzo, kisha wanatokea vijana wanaosafisha mji na kuzibeba. Yangu ilibebwa nikiwa ndani kupanga foleni ya kuwaona ninyi kuhusu barua ya pili. Niliilipia ili niirudishiwe. Bomba la chuma lililopindwa na kuzikwa kwenye zege linatosha baiskeli mbili, na mafundi wetu wa kuchomelea wanaweza kulitengeneza hapahapa.

5. VIBAO

Hili ni dogo, silivutii muda. Sehemu nyingi za historia ya mji huu hazina kibao chenye maelezo ya Kiswahili. Watoto wanauliza, namkuta mwenyeji, anasimulia. Mwenyeji huyo akifariki itakuwaje?

Sasa najua majibu yanayonisubiri, kwa sababu mengi nimeshayasikia kwa mdomo.

Mtasema fedha hakuna. Nimewapa hapo juu mambo ambayo hayahitaji mradi: kugeuza vyuma, kuacha mwanya kwenye matuta, kupinda bomba. Kwa ukingo wa lami, wazazi wamenituma niwaambie kwamba wako tayari kufanya msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea. Mlete kifusi na mtu wa kutuelekeza, sisi tuje na majembe na machepeo. Tumeshawahi kujenga madarasa hivyo.

Mtasema barabara kuu ina msimamizi wake na za mitaa zina wake. Ni kweli, na mgawanyo huo una sababu zake. Lakini ninyi mnakutana kwenye vikao vilevile na mnasalimiana misibani. Mimi ndiye nisiye na pa kuwakutanisha. Ndiyo maana barua hii nimewaandikia nyote kwa pamoja, asiwepo wa kusema ilikuwa ya mwenzake.

Mtasema baiskeli zimepitwa na wakati, watu wamehamia kwenye bodaboda. Simameni Jumatatu asubuhi kwenye barabara ya Naliendele mtazame wanaoingia mjini na mihogo, kuni, maziwa na watoto wa shule kwenye keria. Asiye na fedha ya mafuta hajaacha kuishi. Na sina hakika kama ni jambo la kizamani. Umoja wa Mataifa mwaka 2018 uliitenga tarehe 3 Juni kuwa Siku ya Baiskeli Duniani. Dar es Salaam, mabasi ya mwendokasi yalipoanza 2016, barabara ya Morogoro ilitengewa njia ya baiskeli pembeni. Hata Uholanzi, ambayo kila mtu huitaja, haikuzaliwa na njia zake. Miaka ya 1950 na 1960 magari yalikuwa yanazifukuza baiskeli huko kama yanavyotufukuza sisi. Mwaka 1971 zaidi ya watu 3,000 walikufa kwenye ajali za barabarani, zaidi ya 400 kati yao watoto. Wazazi wakatoka, wakakaa barabarani na watoto wao, na serikali yao ikasikia. Sipendi tufikie hatua ya kukaa barabarani. Napenda tusikilizane kwa barua.

Mtasema wapanda baiskeli wenyewe hawafuati sheria. Hapa mna haki, na sitawatetea wenzangu. Wengi hawana taa, breki zao ni unyayo kwenye tairi la nyuma, wanavuka bila kugeuza shingo. Ninachoweza kusema ni kwamba watoto wangu wanajifunza kunyoosha mkono kabla ya kukata kona, kubandika kitambaa kinachong'aa nyuma ya keria, na kusimama kabisa kwenye makutano. Nipeni darasa la watu wazima na nitawafundisha bure, jioni yoyote baada ya Alasiri. Ila msichana aliyevunjika mkono alikuwa amefuata kila sheria. Tena alianguka kwa sababu ya kuifuata.

Na yupo aliyeniuliza, kwa upole, kama si vyema tu niache kuwapeleka watoto wa kike barabarani. Nilimwelewa nia yake. Nikaenda nyumbani sikulala. Wasichana hao watakwenda shuleni kwa namna gani? Wengine shule zao ziko mbali, na baiskeli ndiyo inayowawezesha kufika kabla ya kengele na kurudi kabla ya giza. Nikiwatoa barabarani, nimewatoa darasani.

Kwa hiyo, waheshimiwa, tunaomba yafuatayo:

(a) Jibu la maandishi ndani ya siku 30, likisema nani anahusika na kipande gani kati ya mjini na Mikindani.

(b) Ukingo wa lami wa kipande hicho ujazwe na kushindiliwa kabla mvua za Desemba hazijaanza, ukianzia pale walipoanguka watoto wawili. Nitawaonyesha, nimepaweka alama ya chokaa kwenye jiwe.

(c) Vyuma vya mitaro vigeuzwe na matuta yaachiwe mwanya, kwa kuanzia kwenye njia zinazopita mbele ya shule.

(d) Mbele ya shule hizohizo, mwendo uwe kilomita 30 kwa saa, na vibao viwepo.

(e) Barabara yoyote itakayojengwa au kuwekwa lami upya ndani ya mji, itengwe walau mita moja na nusu kila upande kwa ajili ya baiskeli. Michoro ionyeshwe kwa wananchi kabla mkandarasi hajaletwa.

(f) Mahali pa kuegesha pawekwe Soko Kuu na hospitalini. Baiskeli zilizobebwa zirudishwe kwa wenyewe bila malipo.

Kuhusu vibao vya historia, watoto wamejitolea kuandika maelezo. Yako tayari kwenye daftari. Tunahitaji mbao na ruhusa.

Nina ombi moja zaidi, na hili si la masharti. Jumamosi yoyote, mmoja wenu aje tuendeshe naye. Asije na gari la kutusindikiza. Baiskeli ya ziada ipo, ina breki nzuri, nimeibadilishia tyubu mwezi uliopita. Tutampitisha Feri, Shangani na Reli, tutamnunulia ming'oko Magomeni. Kisha mimi na yeye peke yetu, bila watoto, tutaishika barabara ya Mikindani hadi kwenye lile jiwe la chokaa, malori yakiwa nyuma yetu. Akifika pale na kurudi salama, ataamua mwenyewe kama alichokiona kinaweza kusubiri.

Msichana yule mkono wake umepona. Wiki iliyopita alipita nyumbani kuchukua daftari la dada yake, akasimama mbele ya ile manila kwa muda. Akaniuliza kama mstari wa ghuba alioanza anaweza kuumalizia kwa kukumbuka tu. Nilimwambia aache kwanza.

Tunakutana saa kumi na mbili na nusu asubuhi, karibu na Soko Kuu, upande wa mafundi baiskeli.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu, Chikongola,
kwa niaba yake na wazazi wa watoto wa Jumamosi.

Nakala: Wenyeviti wa mitaa tunayopita. Mbao za matangazo za misikiti na makanisa yaliyokubali kuibandika.